Ndugu Yako Amekamatwa Marekani: Kesi ya Jinai Inavyokwenda, Hatua kwa Hatua

Simu huingia usiku wa manane. Sauti ya mashine inakuambia kuna mtu katika jela ya kaunti fulani anataka kuzungumza nawe, bonyeza namba kama unakubali. Ukishabonyeza, swali linalokujia mdomoni ni lile lile: "Kwani umefanya nini?"

Usiliulize. Simu za jela za Marekani karibu zote hurekodiwa, na tangazo husema hivyo kabla hamjaunganishwa, ila kwa hofu hakuna anayelisikia. Kiswahili hakiwafichi. Mwendesha mashtaka akihitaji kujua mlisema nini, atatafuta mkalimani. Mimi nimekuwa mkalimani huyo: vipokea sauti masikioni, nikigeuza kwa Kiingereza maneno ambayo kaka alimwambia dada yake akiamini hakuna mwingine anayewaelewa.

Uliza mambo matatu tu: yuko kaunti gani, jina lake limeandikwaje hapo, na lini atafikishwa kwa jaji. La jina si dogo. Wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi wana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari kwenye hati zao, na majina yao hupangwa upya kila ofisi wanayopita. Ukimtafuta kwenye orodha ya jela mtandaoni na humwoni, badili mpangilio wa majina kabla hujaanza kulia. Halafu mwambie sentensi moja: asimsimulie mtu yeyote habari ya kesi, hata mwenzake wa seli, mpaka apate wakili. Kata simu. Na kama anayepiga anataka umtumie namba za kadi za zawadi za dukani ili "ndugu yako" aachiwe, huyo ni tapeli, rudi ulale.

Mimi si wakili, na haya hayachukui nafasi ya wakili. Nayaandika kwa sababu nimeona watu wetu wakisubiri "siku ya kesi" kama tunavyoisubiri nyumbani, wakidhani hapo ndipo wataeleza, jaji atasikia, mambo yataisha. Kule siku hiyo mara nyingi haifiki kabisa. Kesi nyingi huwa zimeshaamuliwa mapema, katika chumba cha polisi au kwenye meza ya mwendesha mashtaka, na neno lililoziamua hutoka kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua ni serikali ipi inayomshtaki

Marekani haina polisi wamoja wala DPP (mkurugenzi wa mashtaka wa nchi nzima) mmoja. Kuna serikali ya shirikisho, na kuna majimbo 50, kila moja na sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake. Wizi wa dukani, ugomvi wa nyumbani, kuendesha gari umelewa: hayo kwa kawaida ni ya jimbo. Kuvusha dawa za kulevya mpakani au kughushi hati za uhamiaji ni mambo ya shirikisho. Katika majimbo mengi anayeongoza mashtaka ya kaunti ni mwanasheria aliyechaguliwa kwa kura, watu humwita DA. Anafanya kampeni na kubandika mabango kama mbunge. Kwetu sisi tuliozoea DPP wa kuteuliwa hili linashangaza, lakini linakuonyesha kwa nini kosa lile lile linaweza kusamehewa kaunti hii na kukazaniwa kaunti jirani.

Kisha uliza uzito wa kosa. Kwa jumla kosa dogo ni lile ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja, na hutumikiwa katika jela ya kaunti. Jinai kubwa, wanayoiita feloni, ni zaidi ya mwaka, na hutumikiwa gerezani. Neno "dogo" lisikudanganye. Kwa asiye raia, kosa dogo la kumpiga mke au mume linaweza kumrudisha alikotoka hata kama hakulala jela zaidi ya siku mbili.

Hatua ya pili: barabarani na mlangoni

Tangu kesi ya Terry dhidi ya Ohio, mwaka 1968, askari anaweza kumsimamisha mtu kwa muda mfupi akiwa na shaka anayoweza kuieleza, na akihofia silaha anaweza kumpapasa juu ya nguo. Kumkamata kunahitaji zaidi: sababu za kutosha za kuamini kwamba ametenda kosa. Kuingia nyumbani kwake kunahitaji hati iliyotiwa saini na jaji, isipokuwa kuna dharura au mwenye nyumba amekubali. Gari lina ulinzi mdogo kuliko nyumba. Tangu mwaka 1925 Mahakama ya Juu imeruhusu lipekuliwe bila hati pale polisi wanapokuwa na sababu za kutosha. Simu ya mkononi, ajabu, inalindwa kuliko gari: mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote tisa walisema kumkamata mtu hakumpi askari ruhusa ya kufungua simu yake. Aende akalete hati.

Hizi kinga zote huyeyuka kwa neno moja: sawa. Askari anauliza kwa upole kama unaona vibaya achungulie ndani ya gari. Sisi tumelelewa kumwambia mgeni karibu. Sheria haimlazimu askari akukumbushe kwamba unaweza kukataa, na ukishakubali, hata ukutwe na nini, mlango wa kulalamika unakuwa mwembamba sana. Sema kwa sauti ya chini, mikono ikionekana, kwamba hukubali upekuzi. Akipekua hivyo hivyo, usimzuie kwa mwili wala usibishane. Ubishi wenu una mahali pake baadaye, na nitaufikia.

Dereva aonyeshe leseni na hati za gari. Jina la kweli, hati za kweli. Kunyamaza ni haki, kudanganya ni kosa jipya. Kumdanganya ofisa wa shirikisho katika jambo la maana kunaweza kumletea mtu hadi miaka mitano peke yake, hata kama kosa la mwanzo halikuthibitika.

Hatua ya tatu: chumba cha mahojiano

Hapa nitakaa kidogo.

Wengi wamesikia maneno ya Miranda kwenye filamu: una haki ya kunyamaza, lolote utakalosema linaweza kutumika dhidi yako mahakamani, una haki ya wakili, na kama huna uwezo utapewa. Yalitokana na Ernesto Miranda, aliyekamatwa Phoenix, Arizona, mwaka 1963, akahojiwa kwa muda wa saa mbili na kutia saini maungamo bila kuambiwa kwamba anaweza kuwa na wakili. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ikayafuta maungamo hayo. Kinachosahaulika ni kwamba alishtakiwa upya bila karatasi ile na akatiwa hatiani tena. Kwa hiyo mtu asikwambie "hawakunisomea haki zangu, basi kesi imekufa." Maonyo hayo hutakiwa pale mtu anapokuwa chini ya ulinzi na anahojiwa. Yakikosekana, linalotupwa kwa kawaida ni alichosema. Kesi inabaki.

Sasa tazama jambo la Van Chester Thompkins, Michigan. Alishukiwa kwa mauaji ya risasi. Aliketi na wapelelezi kwa muda wa kama saa tatu, akinyamaza karibu muda wote. Mwishoni mpelelezi akamuuliza kama anamwamini Mungu. Akajibu ndiyo. Je, unamwomba? Ndiyo. Je, unamwomba Mungu akusamehe kwa kumpiga risasi kijana yule? Ndiyo. Hakuandika chochote, hakutia saini. Neno hilo likatumika, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema polisi hawakukosea: kunyamaza tu hakutoshi kudai haki ya kunyamaza. Lazima useme kwamba unanyamaza.

Kwa Mswahili hii ni kinyume cha malezi. Mkubwa akikuuliza unajibu. Na "ndiyo" yetu mara nyingi haina maana ya kukubali jambo, ina maana ya "nakusikia, endelea." Nimemwona kijana akiitikia "ndiyo, ndiyo" huku mpelelezi akisoma orodha ya tuhuma, na kila "ndiyo" ikaandikwa kama jibu.

Adabu nyingine inayotuponza ni kuomba kwa kuzungukazunguka. Mwaka 1994, katika kesi ya Davis dhidi ya Marekani, mtuhumiwa aliyekuwa baharia wa jeshi alisema labda azungumze na wakili. Majaji wakaona hiyo "labda" haikuwa ombi, na wapelelezi hawakulazimika kusimama. Kwa hiyo usiseme "naomba kama itawezekana." Jifunzeni nyote nyumbani, watoto kwa wazazi, sentensi hizi mbili kwa Kiingereza, zisemwe bila hasira: "I want a lawyer. I will not answer questions." Yaani: nataka wakili, sitajibu maswali. Ikishasemwa hivyo, mahojiano yatasimama mpaka wakili awepo, isipokuwa mtuhumiwa mwenyewe aanze tena kuongea. Na wengi huanza tena, baada ya nusu saa ya ukimya na kikombe cha kahawa.

Jambo moja zaidi: polisi wa Marekani wanaruhusiwa kumdanganya mtuhumiwa. Wanaweza kumwambia mwenzake ameshakiri wakati hajakiri, au alama zake za vidole zimepatikana wakati hazikupatikana. Mahakama ya Juu iliyavumilia hayo mwaka 1969 na hali haijabadilika sana kwa watu wazima.

Hatua ya nne: jaji wa kwanza na dhamana

Baada ya picha, alama za vidole na orodha ya vitu alivyokuwa navyo, kama alikamatwa bila hati ya kumkamata, jaji anapaswa kuangalia ndani ya saa 48 kama kuna sababu za kutosha za kumshikilia. Kufikishwa kwake mwenyewe mbele ya jaji, siku hizi mara nyingi kwa video akiwa jela, huchukua siku moja hadi tatu kutegemea jimbo na kama wikiendi imeingilia kati. Kikao hicho ni kifupi kuliko kupika chai. Anatajiwa tuhuma, anaulizwa kama ana wakili, na dhamana inazungumzwa. Hapa haelezi kilichotokea. Akitakiwa kujibu shtaka, jibu la kawaida la wakili yeyote siku ya kwanza ni "sina hatia," na wala si uongo. Maana yake ni kwamba serikali ithibitishe.

Uwahi kikao hiki, na uende na watu. Jaji anapopima dhamana hutazama kama mtu ana mizizi: familia, kazi, kanisa au msikiti, anwani ya kudumu. Watu wanne waliokaa kimya nyuma ya chumba wakiwa wamevaa vizuri husaidia kuliko barua.

Fedha zenyewe zinategemea jimbo. Illinois iliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Huko mtu huachiwa kwa masharti au hushikiliwa, hakuna cha kulipa. Kentucky ilipiga marufuku kampuni za kukopesha dhamana tangu miaka ya 1970, kwa hiyo ndugu wa Louisville hulipa mahakamani moja kwa moja. Kwingineko utakutana na kampuni hizo, taa zikiwaka usiku kucha mkabala na jela. Unawalipa kiasi ambacho mara nyingi ni asilimia 10 ya dhamana, nao wanamdhamini mtu wako. Jaji akisema dola 20,000, wewe unatoa 2,000. Hiyo 2,000 hairudi, hata kesi ikifutwa kesho yake. Ukilipa dhamana yote mahakamani, hurudi kesi ikiisha, ikipunguzwa ada na faini. Kabla ya kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp la jamaa, uliza unalipa ipi kati ya hizo mbili.

Na kama mtu wako si raia, simama kwanza. Alama za vidole alizotoa jela hufika pia kwa watu wa uhamiaji. Huenda ICE, yaani maofisa wa uhamiaji wa shirikisho, wameshaiomba jela imshikilie ili wamchukue akitoka. Katika hali hiyo unaweza kulipa dhamana asubuhi, na mchana akawa kizuizini kwa uhamiaji, jimbo jingine, huku kesi yake ya jinai ikiendelea bila yeye. Muulize wakili wa uhamiaji kabla hujatoa hata senti.

Hatua ya tano: wakili, mkalimani, ubalozi

Clarence Earl Gideon alituhumiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa puli huko Panama City, Florida, mwaka 1961. Alimwomba jaji ampe wakili, jaji akasema sheria ya Florida hairuhusu ila kwa makosa ya kunyongwa. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli ombi kwa Mahakama ya Juu, na mwaka 1963 majaji wote tisa wakamkubalia. Kesi ikarudiwa akiwa na wakili, na juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua hatia, ikamwachia baada ya kama saa moja.

Kwa sababu yake, leo asiye na uwezo anayeweza kufungwa hupewa wakili kwa gharama za serikali. Nyumbani tuna kasumba kwamba cha bure hakina nguvu, na nimeona familia ikiuza gari kumlipa wakili wa mtaani aliyezoea kesi za ajali huku wakimwacha wakili wa umma anayemjua kila jaji na kila mwendesha mashtaka wa jengo lile. Tatizo la mawakili wa umma ni wingi wa majalada, ujuzi wanao. Mpelekee karatasi zilizopangwa na majina ya mashahidi yenye namba za simu, usimpigie mara tano kwa siku. Ila kumbuka haki hii ni ya kesi ya jinai. Katika mahakama ya uhamiaji serikali haimlipii mtu wakili.

Mazungumzo na wakili ni siri, lakini siri huharibika ukiwa umekaa humo kama shangazi. Mtu wa tatu akiwepo bila sababu ya kazi, siri inaweza kuvunjika. Toka nje, hata kama unaona unafukuzwa.

Mkalimani wa mahakamani halipiwi na mshtakiwa katika kesi ya jinai, na asikubali mtoto wake wa darasa la tisa ashike kazi hiyo. Aseme pia Kiswahili chake ni cha wapi. Mtu wa Uvira au Lubumbashi aliyezoea kusema avoka na tribinali anaweza kumsikiliza mkalimani wa Dar es Salaam akitaja "wakili," "upande wa mashtaka" na "dhamana," akaitikia kwa kichwa bila kushika kitu. Jaji akiuliza "umeelewa?" na hukuelewa, sema sikuelewa. Hakuna aibu, na kumbukumbu za mahakama huandika kila jibu.

Mgeni aliyekamatwa ana haki pia ya ubalozi wake kujulishwa, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Hapa Mtanzania na Mkenya wanatofautiana. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani lazima iwajulishe, aliyekamatwa atake asitake. Mkenya huulizwa kwanza, na akisema hapana, hawapigi simu. Mkimbizi aliyeikimbia serikali ya nchi yake azungumze na wakili kabla hajaomba ubalozi wowote.

Hatua ya sita: mashtaka rasmi na mivutano ya kabla ya kesi

Feloni ya shirikisho lazima ipite kwa juri kuu: raia 16 hadi 23 wanaokaa faragha, wakisikiliza upande wa mashtaka tu, na 12 wakikubali, mtu anashtakiwa. Wakili wa mtuhumiwa haingii. Majimbo mengine hufanya hivyo, mengine hutumia kikao cha wazi ambapo jaji hupima kama ushahidi unatosha kuendelea. Ndugu husikia "juri imemshtaki" wakadhani ameshahukumiwa. Bado kabisa.

Baada ya hapo upande wa mashtaka hutakiwa kumfunulia mshtakiwa ushahidi. Tangu kesi ya Brady dhidi ya Maryland, 1963, hawaruhusiwi kuficha ushahidi wa maana unaomsaidia. Na hapa ndipo ule ubishi wa barabarani unapopata mahali pake. Wakili anaweza kuiomba mahakama itupe kilichopatikana kwa upekuzi haramu. Kanuni hiyo ilitandazwa kwa majimbo yote mwaka 1961 kwa sababu ya Dollree Mapp wa Cleveland, mwanamke aliyewazuia polisi mlangoni akidai hati. Walirudi, wakavunja na kupunga karatasi waliyodai ni hati, lakini hati hiyo haikuonekana kamwe mahakamani. Ombi la namna hiyo likikubaliwa, kesi nyingi hufia hapo. Ndiyo maana nilisema ukatae upekuzi kwa maneno na uiache mikono yako itulie.

Hatua ya saba: makubaliano ya kukiri

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja takwimu: asilimia 97 ya waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, walikiri wenyewe. Tanzania iliingiza makubaliano ya kukiri kosa kwenye sheria mwaka 2019, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Kwa Marekani, hata hivyo, ndiyo njia kuu. Juri unayoiona kwenye filamu ni kichochoro.

Inakwenda hivi. Mwendesha mashtaka ana makosa matatu kwenye jalada. Anamwambia wakili: akikiri hili moja, mawili nayafuta, nitaomba miezi sita badala ya miaka minane, na nafasi hii inaisha Ijumaa. Aliyeko ndani kwa kukosa dhamana anaambiwa anaweza kutoka leo hii. Hata asiye na hatia hushawishika. Mimi siwalaumu wanaokubali. Nimeona hesabu hiyo ikifanywa na baba mwenye watoto watatu na kazi ya kiwandani isiyomsubiri mtu.

Lakini asaini akijua anachosaini. Anaacha juri, anaacha kuwahoji mashahidi, mara nyingi anaacha na rufaa. Jaji atamuuliza moja kwa moja kama amelazimishwa, kama ameahidiwa kitu kingine, kama anaelewa. Akijibu "ndiyo, naelewa" kwa adabu, kurudi nyuma baadaye ni kazi ngumu sana.

Kwa asiye raia, ukubwa wa adhabu si kipimo. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na alikuwa amelitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na lori lenye bangi. Wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko kukamfungulia mlango wa kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kwa hiyo uliza, kwa maandishi: nikikiri hili, nini kitatokea kwa kadi yangu ya ukaazi?

Sheria ya uhamiaji ina kamusi yake. Jimbo linaweza kukuambia ukikiri na kumaliza mwaka wa uangalizi salama, shtaka linafutwa. Uhamiaji bado wanaweza kuhesabu kwamba umetiwa hatiani. Wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja, hata kama kimeahirishwa na hukulala jela usiku mmoja, huingia katika kundi la makosa baya kuliko yote machoni pa uhamiaji. Ndiyo maana California, Washington na New York zilipunguza kilele cha kifungo cha makosa madogo kutoka siku 365 hadi 364. Siku moja ile imeokoa watu. Na bangi inayouzwa dukani kwa risiti katika jimbo lako bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, na uhamiaji ni shirikisho.

Hatua ya nane: kama kesi inafika kwenye juri

Nyumbani tulizoea jaji, na Tanzania kwa miaka mingi wazee wa baraza waliotoa maoni ambayo jaji hakufungwa nayo. Juri ni kitu kingine. Ni raia wa kawaida, 12 katika mahakama za shirikisho, ingawa Florida hutumia sita kwa kesi zisizo za kifo, na wao ndio wanaoamua hatia. Haki hii ipo kwa makosa yanayoweza kuzidi miezi sita ya kifungo. Wanachaguliwa kwa kuhojiwa na pande zote mbili, na tangu 1986 ni marufuku kumwondoa mtu kwa sababu ya rangi yake. Tangu 2020 lazima wakubaliane wote ndipo mtu atiwe hatiani, katika majimbo yote; wakishindwa kabisa, kesi huvunjika na inaweza kuanzishwa upya.

Mshtakiwa halazimiki kusimama kizimbani, na mwendesha mashtaka haruhusiwi kuliambia juri kwamba ukimya wake ni dalili ya hatia. Akiachiwa, imekwisha. Tanzania DPP anaweza kukata rufaa mtu akiachiwa. Marekani serikali iliyoshindwa mbele ya juri haina pa kukimbilia kwa kosa lile lile. Ila shirikisho na jimbo huhesabiwa kuwa serikali mbili, na jambo hilo lilithibitishwa tena mwaka 2019, kwa hiyo mmoja akishindwa mwingine bado anaweza kujaribu.

Hatua ya tisa: adhabu na karatasi za mwisho

Hukumu ya adhabu hutolewa siku nyingine, mara nyingi wiki au miezi baadaye, baada ya ofisa wa mahakama kuandika ripoti ya maisha ya mtu. Hapo barua zenu zina kazi: jina la mwandishi, anamjua mshtakiwa kwa muda gani, alimwona akifanya jambo gani jema. Usiandike kwamba hakutenda kosa kama ameshakiri; utamharibia.

Rufaa ina saa inayokimbia. Katika mahakama za shirikisho mshtakiwa ana siku 14 tu tangu hukumu kuingizwa kutoa taarifa ya rufaa. Majimbo yana muda wao, mengi kama siku 30. Mwambieni wakili siku ile ile, kabla hajaondoka kwenye jengo, na kwa maandishi.

Kisha nenda dirisha la karani ukanunue nakala zilizopigwa muhuri: hati ya mashtaka, jibu la shtaka, hukumu ya mwisho. Nunua hata kama kesi imefutwa, hasa kama imefutwa. Miaka saba baadaye, ukijaza fomu ya uraia, ofisa atauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu litakuwa ndiyo. Atakachotaka baada ya hapo ni zile karatasi.